Boga la Kwenye Bomba

Enzi zetu pale Bombambili, mtoto aliyetaka kucheza gemu alianza kwa kunawa miguu. Sisemi mikono, nasema miguu. Gemu ilikuwa moja tu mtaa mzima, nyumbani kwa kina Zuhura, na mama yake alisimama mlango wa uani na kanga kifuani akituangalia tunavyosugua visigino kwa jiwe. Udongo mwekundu ukionekana bado umeganda katikati ya vidole, unarudishwa bombani. Ukishafaulu mtihani wa miguu unasema, "Shikamoo Mama Zuhura," unaingia, unakaa kwenye mkeka na kusubiri zamu yako. Wanangu mimi wanacheza gemu wamelala kitandani na soksi miguuni. Nikiwasimulia habari za jiwe la kusugulia visigino wananitazama kwa huruma, kana kwamba nilikulia gerezani.

Wenzangu wa rika langu mnakumbuka. Asubuhi mchakamchaka, kidumu cha maji mkono mmoja na fagio la chelewa mkono wa pili, na ole wako uliyesahau kimojawapo. Mchana tunarudi na njaa ya kuweza kula mlango, tunakuta ugali na majani ya maboga yaliyoungwa kwa karanga, na msimu wa masuku, yale matunda matamu ya porini, ukifika midomo inanata hadi jioni. Halafu palizi. Kila nyumba ilikuwa na kijishamba cha mahindi nyuma ya choo, na hakuna mtoto aliyekwenda kucheza kabla mstari wake haujawa safi. Tukimaliza tunacheza rede barabarani mpaka sauti zinakauka.

Lakini ikipigwa kelele moja tu, "Umeme umerudi!", mpira wa rede ulibaki palepale ulipoangukia. Mji wetu wa Songea wakati ule ulitegemea mashine za dizeli, na umeme ulikuwa kama mgeni mwenye haraka, hujui atakaa muda gani. Kwa hiyo tulikimbia wote, kila mtu na visigino vyake, kwenda kupanga foleni bombani kwa Mama Zuhura.

Zuhura alikuwa rafiki yangu kuliko wote. Baba yake alikuwa mtumishi wa serikali, mtu wa Tunduru, mpole, ambaye alirudi safari ya Dar es Salaam na kiboksi cha plastiki chenye nyaya mbili na pedi mbili za kubonyeza. Kiboksi kilichomekwa kwenye televisheni yao ya chogo, ambayo ilijua rangi mbili tu, nyeusi na nyeupe, na kijivu kidogo siku ikiwa na furaha. Kaseti ya gemu ilikuwa na mchezo mmoja. Ilikuwa lazima ipulizwe kwanza, na aliyepuliza alikuwa Zuhura peke yake. Alifumba macho akiipuliza, kama anayepooza uji wa mgonjwa.

Mchezo wenyewe ulikuwa rahisi kuueleza. Kibwana kifupi anatembea kutoka kushoto kwenda kulia. Anaruka mashimo, anakanyaga vidudu, anagonga matofali kwa kichwa. Sijui alikuwa anakwenda wapi, na hatukuwahi kuuliza, kwa sababu sisi wenyewe tulitumwa sehemu nyingi bila kuelezwa sababu. Kila mmoja alicheza mpaka afe, akifa anampisha mwenzake. Wengi wetu tulifia mahali pamoja. Palikuwa na bomba nene limesimama wima kutoka ardhini, na ndani ya bomba aliishi adui.

Nikisema adui msidhani ni simba au jambazi. Ulikuwa mmea. Ulipanda taratibu kutoka kwenye bomba, shina, majani mawili, na juu yake kichwa cha mviringo chenye madoa. Kichwa kile kilikuwa na mdomo, na mdomo ulikuwa na meno. Ulitafuna hewa, nyam nyam nyam, kisha ukazama tena ndani ya bomba kama haujafanya kitu. Kwenye televisheni ile isiyo na rangi kichwa chake kilifanana kabisa na maboga tuliyokuwa tunachemshiwa nyumbani. Tukauita Boga. Jina lilienea mtaani hata wasiocheza wakalijua, na mama akitaka kuninyamazisha usiku alisema, "Lala, Boga linatafuna wasiolala."

Kaka yangu Festo ndiye aliyekuwa bingwa. Mbinu yake ilikuwa kurudi nyuma, kuchukua mbio na kuliruka Boga juu kwa juu kabla halijanyanyua kichwa. Alitufundisha wote. Hata mimi nilishaanza kuiweza, nikawa nakufa mbele ya safari kama watu wengine wenye heshima zao. Ndipo akaja Bibi.

Bibi yangu mzaa baba alitoka Mpitimbi kuja kutibiwa mguu Peramiho, na kati ya siku za hospitali alikaa kwetu. Alikuja na gunia la maboga, kwa sababu Bibi hakujua kwenda kwa watu mikono mitupu. Mimi ndiye niliyepewa jina lake. Yeye Skolastika, mimi Skolastika, na hakuwahi kuniita kwa jina, aliniita wajina. Ninyi mliopewa majina ya bibi zenu mnaelewa. Hilo jina si la bure. Wenzako wakichelewa kuamka wamechelewa tu, wewe ukichelewa unaambiwa mwenye jina lako hakuwa mvivu.

Mama Zuhura alimwalika Bibi mara moja, akamkalisha kwenye kiti kizuri cha sebuleni na sahani ya korosho za kwao Tunduru. Bibi akawa anatafuna korosho pole pole kwa upande wenye meno, macho kwenye televisheni. Ilikuwa zamu yangu. Nikachukua mbio, nikaliruka Boga vizuri kabisa, na watoto wakapiga makofi.

"Wajina!" Bibi aliita kwa sauti iliyosimamisha makofi. "Unaruka boga la watu?"

Nikaachia pedi. Kibwana wangu akatumbukia shimoni.

Lazima niwaeleze wasiojua. Nyumbani kwetu kulikuwa na makatazo mengi, mengine nimeyasahau, ila hili la maboga liliingia kwenye damu. Boga shambani halinyooshewi kidole, na matawi yake hayarukwi. Unazunguka, hata kama mzigo kichwani ni mzito. Ukiruka, matunda yanaoza yakiwa madogo. Bibi alilima maboga maisha yake yote na hakuwahi kuruka tawi hata moja, na maboga yake alikuwa anagawa hadi kwa watu asiowapenda.

Festo akacheka. "Bibi, hilo si boga. Hiyo ni gemu."

"Ninyi wenyewe mnaliitaje?"

Festo akakuna kichwa. "Boga."

"Basi," alisema Bibi, akachukua korosho nyingine.

Kwa wengine jambo hilo liliishia pale, wakaendelea kuruka kama panzi. Hawakuwa na jina la mtu mabegani. Mimi nililala nikiliwaza. Niliona shamba la Mpitimbi, matawi yametambaa hadi kwenye kichuguu, na maboga madogo yenye ukubwa wa ngumi yameanza kulainika chini kwa sababu yangu. Asubuhi nilikuwa nimeshaamua. Nitalipita lile Boga, na sitaliruka.

Hapo ndipo mateso yangu yalipoanza. Kama huliruki juu kwa juu, njia iliyobaki ni kupanda juu ya bomba lenyewe na kushukia upande wa pili. Kwa hesabu yangu ya kitoto, kupanda si kuruka, na hata leo niko radhi kubishana na yeyote. Lakini bomba ndiyo nyumba ya Boga. Nilikuwa nasimama mbali kwa woga, nasubiri lizame, nachomoka mbio, napanda, na nikiwa hewani linachomoza na kuning'ata. Siku nyingine nilisubiri mno hadi muda wa mchezo ukaisha, maana pale juu kulikuwa na saa inayorudi nyuma, na ikifika mwisho unakufa bila hata kuguswa. Watoto walianza kuniita Mke wa Boga. Nililia mara moja, chooni, ili wasinione.

"Huyu anatupotezea umeme," alisema Festo siku moja mbele ya wote. "Zamu yake tuiruke."

Nilimtazama kaka yangu wa tumbo moja na sikuamini. Zuhura hakugeuza hata shingo. Alikuwa anapuliza kaseti.

"Zamu yake ni zamu yake," alisema. "Akitaka kusimama, asimame. Gemu ya nani?"

Tangu siku hiyo nilikuwa na watu wawili wa kuwaonyesha kwamba inawezekana, Bibi aliyenipa jina na Zuhura aliyenilindia zamu.

Kisha ikaja barua ya uhamisho. Wenzangu mliosoma na watoto wa watumishi wa serikali mnalijua neno hilo vizuri. Linakuja katikati ya muhula, linachukua mtu uliyekaa naye dawati moja, na kesho yake kuna nafasi tu pale alipokuwa. Baba Zuhura alihamishiwa Sumbawanga. Sisi hatukujua Sumbawanga ni wapi, tulijua tu kwamba ukienda kule hurudi jioni. Lori lilikuwa lije Jumamosi. Mama Zuhura alisema televisheni itafungwa kwenye magodoro Ijumaa jioni ili isipasuke njiani, kwa hiyo tuna Ijumaa mchana, baada ya wanaume kutoka msikitini, na baada ya hapo hatuna tena.

Zuhura alinishika mkono nyuma ya nyumba yao. "Nataka nione ukipita," aliniambia. "Nisiende bila kuona."

"Utaona," nikamwambia. Nilisema kwa sauti kubwa.

Ijumaa ile tulinawa miguu kwa utulivu kama watu wa msibani. Umeme ulikuwepo. Sebule ilikuwa imejaa maboksi na sufuria zilizofungwa kwa kamba, makochi yameegemezwa ukutani, na televisheni peke yake imebaki mahali pake. Bibi alikuwa amesharudi Mpitimbi na mguu wake umepona. Zamu zikaenda, wakafa, wakapishana, na pedi ikanifikia. Nikamtembeza kibwana wangu, nikakanyaga vidudu, nikavuka mashimo, nikaliona bomba kwa mbali na Boga juu yake likitafuna.

"Zuhura!" Mama yake aliita kutoka jikoni. "Njoo unishikie sanduku hili."

Zuhura alinitazama. Katika nyumba zetu mama hakuambiwa "ngoja kidogo". Alinyanyuka akaenda.

Sasa fikirieni hali yangu. Boga liko mbele, saa inarudi nyuma, na mtu niliyemwahidi hayupo. Pale mbali ninaposubiria siku zote palikuwa na kidudu nilichosahau kukikanyaga, kinakwenda na kurudi palepale. Basi Boga lilipozama, nikamsogeza kibwana hadi akagusa bomba lenyewe, bega kwa bega, nikamwacha amesimama hapo. Sikuwa na mbinu yoyote. Nilikuwa natafuta tu mahali pa kumsubiri Zuhura.

"Panda!" Festo alipiga kelele. "Panda, limeshuka!"

"Zuhura hajaja."

"Skola, muda! Angalia muda!"

"Nimesema Zuhura hajaja."

Watoto wote walikuwa wamepiga magoti. Kila mmoja alisubiri kuona kichwa chenye madoa kikichomoza, maana zamu ya Boga ya kupanda ilikuwa imefika. Hakikuchomoza kitu. Tukasubiri. Bomba kimya. Kinanda cha gemu kikaanza kwenda mbio, ishara kwamba saa inakaribia kuisha, na bado bomba lilikuwa kimya kama chungu kilichofunikwa. Festo akaacha kupiga kelele. Nikasikia mtu nyuma yangu akinong'ona, "Linamwogopa."

Zuhura aliingia akikimbia, mikono ina vumbi la sanduku. Alisimama nyuma yangu, nikasikia pumzi yake shingoni.

"Nipo," alisema.

Nikabonyeza. Kibwana akapanda juu ya bomba na kusimama, miguu yake miwili juu ya nyumba ya Boga, na Boga halikutoka. Nikamwacha asimame hapo kidogo, kwa makusudi, ili kila aliyewahi kuniita mke wa mtu aone vizuri. Kisha akashuka upande wa pili akitembea zake. Sikuwa nimeruka boga la mtu yeyote.

Ile kelele iliyopigwa mle ndani, Mama Zuhura alidhani tumevunja televisheni. Festo alininyanyua juu, kaka yangu yuleyule, akapiga mayowe yenye kujisifu kana kwamba ni yeye aliyepita. Zuhura hakupiga kelele. Alinishika mabega kwa mikono yake yenye vumbi akacheka mpaka machozi yakamtoka, halafu machozi yakabaki na kicheko kikaondoka. Umeme ukakatika wakati tumekumbatiana. Tukasubiri urudi, haukurudi, na Mama Zuhura akaja na godoro.

Jumamosi lori likaondoka asubuhi. Nililisindikiza kwa miguu hadi barabara ya lami, na nikarudi nyumbani kufanya palizi. Bibi nilimwona tena likizo iliyofuata. Nikamweleza yote, jinsi nilivyosimama karibu kabisa na Boga mpaka likanyamaza, jinsi nilivyopita bila kuruka. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Vizuri," alisema. "Kanawe, tule."

Maboga ya mwaka ule yalikuwa mengi sana. Nasema tu.

Siku hizi Songea ina umeme wa kutosha, na hakuna anayepiga kelele ukirudi. Pale Bombambili nyumba ya kina Zuhura imeongezwa ghorofa na imewekewa geti la chuma, na bomba la uani sijui liko wapi. Mashamba nyuma ya vyoo yamekuwa vyumba vya kupangisha. Bibi alishatangulia mbele ya haki. Mimi nimepanda maboga kidogo kando ya ukuta, na wanangu wanayaruka mchana kutwa wakikimbilia intaneti upande wenye mawimbi mazuri. Nimewakataza, wamesema sawa Mama, wakaruka tena.

Zuhura sijamwona tangu lori lile. Zamani hizo hatukuwa na simu za kupeana namba, na watoto hawaulizwi wanataka kuagana vipi. Nimemtafuta kwenye mitandao. Nimewasalimia akina Zuhura wengi ambao si yeye, mmoja akaniuliza kama nauza vipodozi. Sijaacha. Watu wananiambia nimsahau, amebadilisha jina kwa ndoa, amekuwa mtu mwingine, na mimi nawasikiliza kisha jioni natafuta tena. Nilishawahi kuambiwa jambo haliwezekani na watu waliokaa mkeka mmoja na mimi.

Juzi binti yangu wa mwisho, Anna, alikuwa anacheza kwenye simu yangu. Nikachungulia, nikamwona kibwana kifupi akitembea kwenda kulia. Mchezo ni uleule. Bomba likatokea, na kutoka bombani likapanda Boga langu, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikaona rangi yake. Lilikuwa jekundu! Jekundu kama pilipili. Miaka yote hii nimelinda heshima ya kitu ambacho hakikuwa hata na rangi ya boga. Nilicheka peke yangu mpaka Anna akanyanyua macho. Kisha akaliruka bila kuliangalia, kidole kimoja, akiwa anawaza mambo mengine.

"Ukisimama karibu halitoki," nikamwambia.

"Najua, Mama. Nimeona kwenye video."

Hawa watoto wetu wana kila kitu mapema. Kila mmoja ana gemu yake na simu yake, hakuna zamu, kwa hiyo hakuna wa kukulindia zamu. Akifa anaanza tena papo hapo. Hajui kumpisha mtu wala kumkodolea macho mwenzake hadi shingo iume, na muda ukiisha hakuna hata mmoja nyuma yake wa kupiga mayowe. Siwalaumu. Nawaonea huruma kidogo, kama wao wanavyonionea mimi kwa lile jiwe la visigino.

Nikamwomba simu. Akanipa shingo upande. Nikamtembeza kibwana wangu, vidole vimekuwa vizito, nikavuka mashimo kwa bahati, nikafika kwenye bomba. Nikamsogeza hadi akaligusa, bega kwa bega, nikamwacha hapo. Boga likatulia ndani. Saa juu ikaendelea kurudi nyuma.

"Panda, Mama, muda unaisha," alisema Anna. "Unangoja nini?"

"Ngoja kwanza," nikamwambia. "Mwenzangu ameitwa jikoni."